Sanduku Linalokumbuka Maneno ya Jana

Heru Juu, Kasulu
4 Juni 2024

Mdogo wangu Dorcas,

Mwakeye. Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, anasingizia vumbi la maharage. Ninyi je? Nakuandikia karatasi kwa sababu simu siiamini, na kadiri ninavyojifunza mitambo ndivyo ninavyozidi kutoiamini.

Leseni yangu ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha, imetoka, na sanduku limefika. Ni dogo, ungedhani la viatu vya mtoto. Ndani hamna makorokoro. Kazi kubwa inafanywa na programu. Nikiwasha, kioo kinaonyesha masafa mengi kwa pamoja, kila anayeongea anachora mstari wake. Linarekodi kipande kizima cha hewa, kesho narudi kumsikiliza ambaye jana sikumgusa. Mwambie mumeo Constantin nitamsikia akikoroma na redio yake ya mkononi pale ghalani anapolinda. Na mikoromo ya jana pia itakuwepo.

Usimwonyeshe mtu mwingine barua hii.

Kaka yako, Stanislaus


Kibondo
15 Juni

Kaka,

Tumeipata barua, nasi ni wazima, mpe pole mama. Shemeji yako hakucheka. Hayo maneno unayoyahifadhi, unampelekea nani? Mlima mihogo ana haja gani na mistari ya watu? Uza hilo sanduku, ununue mbuzi. Mbuzi hakumbuki kitu.

Mdogo wako, Dorcas


Heru Juu
2 Julai

Mdogo wangu,

Afya ipo. Ijumaa walikuja maofisa wawili na pikipiki, wakachukua sanduku na cheti cha uraia cha mama, eti kinahakikiwa. Tangu siku hiyo anakaa na mkoba mapajani kama anasubiri gari la kumrudisha kambini.

Wana barua isiyo na jina. Sasa sikiliza. Mwenyekiti Athuman nilimwambia sanduku linafika Japani. Jirani yetu Immakulata nilimwambia linachora mawimbi. Kila mtu nilimpa lake, ndiyo tabia yangu. Barua yao inasema: "chombo kinachokumbuka maneno ya walinzi wa Kibondo."

Hilo nilimpa mtu mmoja.

Mkono wako vipi, bado unauma ukiandika?

Kaka yako, Stanislaus


Kibondo
20 Julai

Kaka,

Salamu sina. Ni mimi. Nilidhani watachukua sanduku tu, cheti cha mama sikukiwaza.

Unajua Constantin hana kibali cha kuwa nje ya kambi ya Nyarugusu. Pale ghalani anaitika "ndiyo" na "sawa" tu, maana akiongeza neno Kiswahili chake cha Kongo kinamtaja. Ukaniandikia kwamba maneno yake yanahifadhiwa. Nikaogopa, kaka, siku moja mwingine atayafungua.

Jumatatu wale wale wamefika ghalani kuwahoji walinzi wanaosikilizwa. Constantin karuka uzio. Leo siku ya tano. Simu kaiacha, ila redio ya mkononi anayo. Nisamehe au usinisamehe, lakini wakikurudishia sanduku, msikilize. Nijue tu yuko upande gani.

Dorcas, mdogo wako


Heru Juu
29 Julai

Mdogo wangu,

Sanduku limerudi, na cheti cha mama. Leseni yangu waliisoma pande zote mbili, hata upande usio na maandishi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Masafa ya sanduku hili yanaishia megahezi hamsini na nne. Redio ya Constantin iko juu ya mia nne. Hata yangekutana, ile yake haivuki kutoka Kibondo hadi Mtendeli, sembuse huku kwangu. Ile ya walinzi nilitia chumvi, nimtanie shemeji. Kukumbuka linakumbuka kweli, ila lile lililolisikia.

Kumsikia haliwezi, Dorcas. Halikuwahi.

Mama sijamwambia hivyo; anajua tu kwamba Constantin amepotea. Anakaa kando yangu tangu asubuhi, mkoba mapajani, macho kwenye kioo. Kila mstari ukipita anauliza, "Huyu ndiye?" Namjibu, "Bado."

Kaka yako, Stanislaus