Mahali Nilipomketisha Maitu

Alhamisi, 4 Julai 1996

Tumeosha mabenchi ya kanisa tena. Sabuni ya kipande, maji ya baridi, goti linauma. Jumapili tuna wageni kutoka kanisa la Gitothua, Ruiru. Watakuja na lori. Mama mchungaji amesema watu wa mtaa wa Landless tusionekane wachafu.

Mimi ndiye wa kuketisha watu, kwa hivyo naona kama aibu ikija itakuwa yangu. Wageni mbele. Akina mama wa kitambaa cheupe, sisi washirika kamili, benchi ya pili. Ile ya nyuma, ya ukutani, ni ya walio chini ya nidhamu. Wasichana wa mimba bila harusi, na baba mmoja mlevi wa chang'aa. Mwingine hawezi kukaa hapo. Hata kanisa likijaa, heri asimame.

Tena Jumatano ni zamu yangu kufundisha akina mama. Nimepewa kichwa: Viti katika Biblia. Mimi wa darasa la nne!

Ijumaa, 5 Julai

Binti yangu Wairimu amenisaidia kutafuta mistari baada ya shule. Yuko form two. Anasoma mbio, mimi nafuata na kidole.

Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema, jua kali. Akaona wageni, akainuka, akawakimbilia. Boazi aliketi na wazee langoni na maneno yakaisha vizuri. Sikujua kukaa tu pamoja ni kazi kubwa hivyo. Mafarisayo walipenda viti vya mbele. Hao hata kwetu tuko nao. Nimecheka peke yangu.

Halafu Eli kuhani. Alikuwa na kiti chake pale mlangoni pa hekalu. Hana akaja kulilia mtoto, midomo inatetemeka, sauti haitoki. Eli akamwona mlevi. Aliketi tu hapo akamhukumu. Huyu nitamsema Jumatano. Mimi pia ni wa mlangoni. Nina stuli yangu.

Jumapili, 7 Julai

Sijui nitaandikaje.

Maitu amekuja. Mama yangu mzazi, kutoka Gatanga, bila kutuma neno. Lori la Gitothua lilikuwa limefika, wageni wanashuka na viatu vya kung'aa. Nikamwona nyuma yao. Kamba ya kiondo kwenye paji la uso. Gambuti zake za mpira zina matope mpaka juu. Masikio ya zamani, yale ya kutobolewa, yananing'inia. Na ugoro kwenye pua. Ugoro! Kwetu hiyo ni dhambi ya kutengwa.

Akafungua mikono.

Sikumkumbatia. Nilimshika kiwiko nikampitisha kando mpaka benchi ya ukutani. Nikamwambia, "Kaa hapa Maitu, kuna kivuli." Kivuli gani ndani ya kanisa? Nikarudi kwa wageni nikitabasamu.

Katikati ya ibada mzee wa kanisa akasema wa benchi ya nyuma wasimame waombewe mbele ya wageni. Ngai! Sikuwa nimefikiria hiyo. Wasichana wakasimama, macho chini. Maitu naye akasimama, uso umejaa furaha. Alidhani ni wageni wanaitwa wasalimie watu. Kwao ndivyo hufanywa.

Akasema kwa sauti, "Mimi naitwa Wairimu. Natoka Gatanga. Nimekuja kuona mtoto wangu."

Watu wakacheka kidogo. Mzee akamuuliza kama anayesema na nyanya yake, "Mtoto wako ni nani, cucu?"

Akanitazama. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Maitu akasema, "Ana kazi leo."

Halafu wakamwombea dhambi zake.

Jumatatu, 8 Julai

Ni Wairimu wangu aliyemleta nyumbani jana, amembebea kiondo. Mimi nilibaki nikipanga mabenchi yaliyokuwa yamepangwa.

Maitu ameamka mapema akamenya waru, viazi alivyotuletea. Mambo ya jana kanisani hajayataja. Anasifu kanisa letu, eti mabenchi yananukia sabuni. Anamsifu msichana wa tumbo kubwa aliyemsogezea nafasi. Heri angenitukana.

Kwa mfereji wa maji nimepatana na Mama Karis wa kanisani kwetu. "Mama Wairimu, yule cucu wa ugoro ulimtoa wapi? Na alivyosimama, ungedhani ndiye mgeni wa heshima!" Nikacheka. Naandika hapa nione kwa macho yangu. Nilicheka.

Jioni Wairimu, huyu niliyempa jina la Maitu, aliniuliza polepole tukiwa jikoni, "Mami, cucu alikuwa anatubu nini?"

Nikamwambia aangalie githeri isiungue.

Jumanne

Sikulala. Hakuna kingine.

Jumatano, 10 Julai

Nilisimama mbele ya akina mama. Ibrahimu nikammaliza vizuri. Boazi pia. Mama mchungaji anaitikia kwa kichwa. Nikafika kwa Eli. Nikasema alimwona Hana vibaya kwa sababu hakumjua. Hapo nikafunga Biblia.

Nikasema, "Eli hakumjua Hana. Mimi yule cucu wa Jumapili namjua. Ni mama yangu. Ni mimi nilimweka pale."

Mama Karis akashika mdomo. "Woi! Na ukacheka na mimi?"

Nikasema ndiyo.

Hawakunisema. Mama mchungaji alianzisha wimbo, tukafunga. Lakini kutoka nje nilitoka peke yangu. Kila mtu alikuwa na haraka.

Nilimpata Maitu ameketi nje kwa mlango, anavuta ugoro wake. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Alifunga kikopo kwanza.

"Kwani pale nilikaa na nani? Nilikaa na watu," akasema. "Kukaa hakukuniuma. Ungesema tu ni mimi."

Nililia kama mtoto. Alinipangusa na leso yenye ugoro, nikapiga chafya. Akacheka. Mimi bado.

Jumapili, 14 Julai

Wairimu alimwoshea cucu gambuti. Ugoro wa Maitu uko mfukoni mwake. Sikuuliza.

Nilikuwa kwa stuli yangu walipofika. Niliinuka, nikawaendea mpaka kwa geti, nikamkumbatia Maitu mbele ya watu wote. Nilitaka kumpeleka benchi ya pili. Nilikuwa hata nimepangusa mahali. Alinipita tu, akaenda nyuma. Yule msichana wa tumbo alikuwa ameshaanza kusogea.

Nikamwachia Wairimu mlango. Nikamfuata Maitu nikiwa na kitambaa changu cheupe kichwani. Watu waligeuka. Mzee wa kanisa alikuja akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Wairimu, hapa si pako."

"Niko na mama yangu."

Akarudi mbele.

Benchi ni fupi. Ukutani kuna baridi, na mhubiri humsikii vizuri. Hiyo sikuwa najua, na ni mimi nimekuwa nikiwaketisha watu hapo. Msichana alisogea tena, Maitu akasogea, nikatosha. Sikuimba. Nilipakata kiondo cha Maitu mpaka ibada ikaisha.