Kopo la Majani Dirishani

Gongoni, Tabora
7 Juni 1953

Kwa Baba yangu, Mzee Kornel Mahona,

Shikamoo Baba. Mimi na mume wangu Anselm hatujambo, ila vumbi la mwezi huu limetukausha makoo. Kifua chako kimetulia? Na ule mguu?

Baba, Damas anayekuja huko kununua nta ameniambia kwamba tangu tulipomzika Mama mwezi wa pili hujalala nyumbani. Unalala kambini porini na mizinga yako, hata kabla ya msimu wa kurina asali, na mlango wa nyumba umeufunga kwa kamba. Nililia, sikufichi. Nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa, na mtu wa umri wako akizoea baridi ya porini ataniachia kilio kingine.

Nimempa Damas kopo akuletee. Lina mmea wa majani marefu, membamba, yenye mstari mweupe katikati. Masista wanaotufundisha kushona wanayo mengi ndani ya nyumba. Nilipofiwa, mmoja wao alinipa. Nilicheka, maana kwetu nani anafuga majani ndani? Lakini tangu mmea huo uingie, chumba chetu kina kitu kinachopumua. Nikiamka nautazama kama una kiu, kabla sijakumbuka kulia. Siku nyingine sikumbuki hadi mchana. Nikaona nikugawie. Upe maji kidogo mara mbili kwa wiki. Hautaki jua kali, hautaki giza.

Binti yako,
Apolinaria

---

Kambini, pori la Sikonge
28 Juni 1953

Mwanangu Apolinaria,

Marahaba. Kifua kinakohoa kidogo, mguu unafanya kazi yake. Nyuki ni wazima kuliko mimi. Msalimie Anselm.

Kopo lilifika. Kwanza nilidhani umeniletea mboga, nikaonja jani. Halina ladha. Kisha nikasoma kwamba halitaki jua kali wala giza, nikasema, basi huyu ni ndugu yake nyuki. Nikalifunga kamba nikalitundika juu ya mti wa mninga, chini kidogo ya mzinga wangu mkubwa, kwenye kivuli safi. Siku ya tatu ngedere wakalishusha. Wamekula hadi mizizi, wameniachia kopo. Kopo ni zuri, nanywea uji.

Habari ya nyumba usinisumbue. Nyumba ile ni ya mama yako. Mimi nilikuwa mgeni wake miaka thelathini na minne, na mwenye nyumba akiondoka, mgeni naye hufungasha.

Baba yako

---

Gongoni
10 Julai 1953

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, natumaini nawe hujambo. Nilipomsomea Anselm barua yako alicheka hadi akamwaga chai. Mmea wa ndani ya nyumba unautundika mtini kama mzinga! Ulitegemea kurina nini?

Sasa nimempa Damas kopo la pili. Nimemwambia asililete kambini hata ukimhonga asali. Aingie nyumbani, aliweke juu ya meza ya chumba cha mbele, afunge tena ile kamba. Ukisoma barua hii, mmea uko peke yake humo gizani. Mmea ukifa, umefia mikononi mwako.

Nisamehe, najua nakuonea. Lakini nimebakiwa na mzazi mmoja.

Binti yako,
Apolinaria

---

Gongoni
5 Agosti 1953

Baba,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima sijapata hata mstari, na Damas anaumwa, hajapita huko tena tangu alete kopo. Umenikasirikia? Mmea sijali tena, utupe. Niandikie tu kwamba hujambo.

Apolinaria wako

---

Nyumbani, Sikonge
30 Agosti 1953

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kabisa, hata kikohozi kimepungua. Nilikukasirikia, ndiyo. Baadaye nilinyamaza kwa aibu.

Nilijikaza siku nne. Ya tano nikaja kuchungulia, nikamwagilia, nikarudi porini. Mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa ajili ya majani! Mara ya tatu mguu ukakataa, nikalala chumba cha mbele. Lakini majani yalizidi kupauka. Chumba kile hakina dirisha. Dirisha la maana ni moja tu nyumbani kwetu, na unajua liko chumba gani.

Tangu mama yako afe nilikuwa sijaingia humo. Kanga yake ilikuwa bado msumarini. Nilisimama mlangoni na kopo mkononi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nikasema, "Leonia, nimeleta kitu." Nikasukuma dirisha, likagoma, mchwa walishaanza kwenye mbao. Nikalipiga bega. Mwanga ukaingia hadi kitandani. Nikaketi pale nikalia mpaka nikamaliza. Halafu nikafagia.

Sasa majani yamerudisha rangi, na yametoa kamba ndefu yenye watoto wanaoning'inia. Majirani wanauliza ni dawa ya nini. Nawaambia si dawa. Hawaamini, lakini Minza ameshaomba mtoto mmoja akamweke kwake. Kambini naenda kurina, nikimaliza narudi kulala hapa.

Baba yako

---

Gongoni
14 Septemba 1953

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Tu wazima. Barua yako nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo.

Nina neno. Anselm amepewa nyumba ya wafanyakazi wa reli yenye vyumba viwili. Kimoja ni chako, kina dirisha kubwa. Njoo ukae nasi, uje na makopo yako yote. Mwezi wa sita nisingethubutu kukuomba, ungenicheka. Sasa naona unaweza.

Binti yako,
Apolinaria

---

Nyumbani, Sikonge
4 Oktoba 1953

Mwanangu Apolinaria,

Marahaba, na heri kwa nyumba mpya. Mwambie Anselm amenipa heshima kubwa, sitaisahau.

Lakini sitakuja, mama. Usihuzunike, sikatai kwa ukaidi kama zamani. Fundi Mayala ameniwekea mbao mpya dirishani. Makopo sasa ni sita, na Minza amekuja na la kwake, anasema linamnunia, nilitazame. Asubuhi nikifungua dirisha, nina wa kumuuliza hali kabla sijanywa uji. Ulinitoa porini kwa hila, mwanangu, na hila yako imefanya kazi kuliko ulivyotaka. Vumilia.

Njooni nyinyi Krismasi. Mtalala chumba cha dirisha, mimi nitalala cha mbele. Mkishuka kwenye lori, msipoteze muda kunitafuta kambini. Nipo nyumbani.

Baba yako