Meza ya Mama Juu ya Mtaro

Dukani kwa mama,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mkia,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na kifua cha mtoto kimepona? Nimemwombea wiki nzima, kwa hiyo nijibu, usininyamazie. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Mama Mapacha, mkandaji wetu wa unga, anakusalimu sana. Masizi wa tanurini anauliza kama siku hizi unatembea peke yako, au bado unaning'inia kwenye kanga ya mtu kama ulivyokuwa ukimfuata mama humu dukani.

Haya, salamu zimetosha. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena nikidhani nimesoma vibaya. Eti umempata mnunuzi wa duka la mama! Anakuja Ijumaa kuliangalia, na mimi kazi yangu ni kutia sahihi. Kisha ukamalizia kwa kuniambia nisihuzunike, biashara ikifa basi ni mpango wa Mungu, tushukuru kwa yote. Jamani! Ni Mungu ndiye aliyekutuma?

Sikiliza nikuambie. Mbele ya duka hakuna mpango wa Mungu, kuna mtaro. Umechimbwa na watu wenye sululu na mabeleshi, wakasema wanalaza mabomba ya maji, wakaondoka kabla ya Krismasi na hawajaonekana tena. Bomba hatujaliona, na maji yaliyomo ni ya mvua. Wateja waliokuwa wakiingia kama kwao sasa wanasimama ng'ambo, wanatupungia mkono, wanakwenda zao. Masizi akaanza kuwarushia mikate. Wa kwanza ulidakwa, watu wakapiga makofi. Wa pili ukatumbukia kwenye tope, na mwenye nao akatutukana.

Mzee wa kanisa naye alikuja na kina mama kunifariji. Niliwashika mikono mmoja mmoja wakaruka. Wakala, wakanywa chai, wakashiba. Halafu mzee akakohoa, akaniambia nijichunguze, pengine iko dhambi inayozuia baraka za duka. Mdogo wangu, hebu fikiri! Mtaro ameuona kwa macho yake mawili, suruali imejaa tope hadi magotini, halafu sababu anaitafuta moyoni mwangu! Nikamwambia, "Mzee, dhambi ninazo na Bwana anazijua. Lakini beleshi sikushika mimi." Kina mama wote wakainama kutafuta viatu.

Usije ukadhani nimeacha kuomba. Thubutu! Kila asubuhi, kama alivyotuzoesha mama, tunaweka mikono juu ya meza yake ya kukandia, sote watatu, kabla ya kuwasha moto. Masizi hana maneno mengi: "Bwana, mtaro unauona. Hatukuelezi, una macho. Tupe kazi." Maombi hayo hayajafukia hata beleshi moja la udongo, nakubali. Lakini ndiyo yanayonitoa kitandani. Wenye maduka wa mtaa wa pili wamepunguza unga, mkate unaonekana mkubwa kumbe ndani ni upepo. Hata mimi nilishika bakuli nifanye vivyo hivyo, mkono ukagoma. Utampunjaje mtu mkate juu ya meza uliyotoka kuisemea amina?

Basi Jumanne tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuomba, akatokea bibi wa chai, yule anayechukua mikate kwetu tangu enzi za mama. Mvua inamnyeshea, kapu kichwani, hana pa kupita. Hata hakuita. Alisimama tu akitutazama. Mikono yetu ilikuwa bado mezani. Nikasema, "Inueni."

Masizi akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Dada, hii ni meza ya mama!"

"Kwani mimi simjui mama? Inueni!"

Tuliing'oa miguu, tukaubeba ule ubao mzito hadi nje, tukaulaza juu ya mtaro. Ulifika ng'ambo na kubaki. Bibi wa chai akapita polepole, kashika bega la Mama Mapacha, akaingia dukani moja kwa moja kulalamika kwamba mikate haijaiva. Nililia, Mkia. Nililia kwa furaha na kwa hasira, sijui ipi ilitangulia.

Tangu siku ile wateja wanarudi, si wote, mmoja mmoja. Sisi tunakandia kwenye ile meza ndogo uliyofanyia hesabu zako za shule. Ni fupi, ndiyo maana mgongo unanilalamikia. Juzi akaja bwana mmoja wa ofisi ya mji, akataka niondoe ubao, eti hauna kibali. Nikamwuliza mtaro wake una kibali cha kumvunja nani mguu. Akanunua mkate, akapita juu ya ubao uleule.

Kwa hiyo mwambie mnunuzi wako asijisumbue. Sitii sahihi. Sikudanganyi, hali bado ngumu, na sijui kama duka litapona. Lakini likifa, litanikuta na unga mikononi, na Mungu nimemtegemea mpaka mwisho. Kumsingizia kazi ya mkandarasi, hapana. Na wewe usimsingizie.

Msalimie wifi yangu, umbusu mtoto. Nanyi Mungu awape riziki isiyowatoa machozi.

Ijumaa njoo wewe, mwache huyo bwana abaki kwake. Wateja wanapita juu ya meza ya mama na viatu vyao vya tope, nimewaruhusu, wana haraka.

Wewe utavua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote.