Shujaa Anayesikia kutoka Mbali

Jumapili, 15 Juni

Papa Neema,

Leo mchana nilitazama filamu ya shujaa anayeruka, kwa jirani yetu Maman Furaha. Uzuri wake ni kwamba anamsikia mtu anayeita kutoka mbali sana. Hapo nililia kidogo. Wezi walipokuingilia uligonga sufuria kuita watu, na mimi nilikuwa Lwiro kwa dada; nilirudi kukuzika.

Ubaya wake, nyumba zinaanguka na hakuna anayefanya matanga. Tena watu wanatazama juu tu. Hakuna hata mmoja anayegonga sufuria.

"Anavaa kaleso ya ndani juu ya pantalo," Maman Furaha alisema. "Ni huyu njo atakuja kutuokoa?"

Tulicheka. Kisha akapunguza sauti.

"Maman Neema, sasa hatugonge tena. Ku Nyawera, wezi walianzia kwa ule mwenye aligonga."

"Na wakikuja kwangu?"

Akatazama filamu.

Nimeiweka sufuria yako, ile iliyobonyea, karibu na kitanda. Wakija nitaigonga, hata kama hakuna atakayeitika. Kama huko uliko mnasikia kutoka mbali, unikumbuke.