Guka Yako Alivyosimama Kuangalia Udongo

Mjukuu wangu Kamau,

Huku Eldoret tuko salama. Ng'ombe mweusi amezaa, na mama yako anauliza kama huko ng'ambo unakula vizuri.

Umeniuliza nimechagua njia gani: puto la kufungua mshipa wa mguu wangu kisha litolewe, au kijibomba cha waya kinachobaki ndani kuushikilia. Daktari anasema kwa njia yoyote mshipa unaweza kuziba tena, maana wa chini ya goti ni mwembamba. Kisha akauliza maumivu yalianza lini. Nikamdanganya kwamba ni mwezi uliopita.

Baada ya uhuru kikundi chetu kilinunua shamba la mzungu kule Soy. Siku ya kugawa, kila mtu alitembea mpaka wa ploti yake mbele ya wazee, na asiyeweza alirukwa, akakosa ploti. Guka yako, mume wangu, alisimama kila baada ya hatua chache, akiinama kusugua udongo kwa vidole. Watu wakasema, "Huyu ni mkulima kweli." Mimi nilijua ni mguu umekaza, na ndani ya kiatu chake cha gambuti kulikuwa na kidonda kisichopona. Lakini nilijivunia ile sifa, nikanyamaza. Mguu ulikatwa kabla hatujavuna mahindi ya kwanza.

Jumapili nikienda kanisani nilisimama mara tatu. Jirani akaniuliza, "Cucu, unaangalia nini?" Nikamwambia naangalia mahindi.

Mpigie daktari, mwambie ni miaka miwili. Puto au waya, mchague wewe na yeye. Mimi nimechoka kuangalia mahindi.

Cucu yako