Dawa ya Mwisho ni Moshi

Moshi, Ijumaa, 2 Aprili 1993

Kwa mke wangu mdogo Skolastika,

Salamu nyingi kama nzi wa bandani. Ukitaka kujua hali yangu mimi babu yako, nimejifungua salama. Ndiyo, nimejifungua! Si walisema nina mtoto wa jicho? Wamemtoa jana. Niliomba nionyeshwe kama tumefanana, muuguzi akanikata jicho, na hilo moja ndilo nililobaki nalo. Bandeji imenifunga nusu ya uso, ndiyo maana herufi zangu zinatembea kama zimetoka kilabuni. Nimekatazwa kuinama na kubeba kitu mpaka mwisho wa mwezi. Nipo kwa dada yangu Agnela, bibi yako huyo, ambaye tangu aolewe Uchagani anafagia uwanja hata usipokuwa na jani. Huku nzi wana adabu, wanapita barabarani tu.

Haya, tuje kwa Shangazi. Unajua kwa nini nilimpa farasi jina hilo: anatembea kama shangazi aliyefuata mahari, na ukimgusa vibaya unapata teke. Kabla sijapanda basi, tajiri wangu Mzee Tarlochan, mwenye farasi, aliniambia, "Ephraimu, tarehe ishirini na nne Jasdeep wangu anaoa. Kwetu bwana harusi anakwenda juu ya farasi jike. Lakini huyu wako akiendelea kurusha mateke, mtoto atakwenda na gari, na farasi nitamuuza." Siku hizi kila kitu ruksa, magari yanashuka kutoka Dubai kama kumbikumbi. Shangazi si mkorofi, mjukuu wangu. Ni nzi. Nzi akikukaa kwenye jicho wiki nzima, hata askofu angerusha teke.

Najua umeacha cherehani yako Sokon One, mjini Arusha, uje unishikie kazi, ila mitumba ilikwisha kukuachisha kabla yangu. Sasa sikiliza dawa, na usinicheke kwa sababu wewe ulifika kidato cha nne nami niliishia darasa la tatu, mwalimu alipochoka. Mavi yote toa asubuhi, utupe mbali, maana nzi wanazaliwa humo. Kwenye pumba tia kitunguu saumu kidogo. Chemsha kivumbasi, maji yakipoa mpake mwili mzima. Maua makavu ya pareto yapo kwenye mfuko darini: twanga, loweka kwenye mafuta ya alizeti, paka miguu na tumbo, macho usiguse. Jirani yetu Lomayani akikuletea mafuta ya taa eti ni dawa, mwambie ajipake yeye kwanza.

Na hili nakuandikia kwa herufi kubwa usije ukaliruka: DAWA ZOTE ZIKISHINDWA, DAWA YA MWISHO NI MOSHI. MPELEKE ASIMAME HUKO MPAKA NZI WAMSAHAU.

Mumeo mwenye jicho moja,
Babu Ephraimu


Usa River, Alhamisi, 8 Aprili 1993

Babu yangu,

Shikamoo. Hongera ya uzazi. Je, mtoto umempa jina la nani? Bibi Agnela naye hajambo? Mimi mzima, nanuka tu kitunguu saumu. Juzi konda aliniomba nikakae siti ya nyuma na dirisha nifungue.

Babu, hali si nzuri. Masika yameanza. Nikimpaka kivumbasi asubuhi, saa nne mvua imemwosha, nzi wanarudi na watoto wao. Pareto imesaidia miguuni lakini imekwisha. Mchana ni nzi, jioni ni mbu. Shangazi amepata vidonda kando ya macho, na jana alijipiga teke tumboni mwenyewe. Nikimkaribia ananigeuzia nyuma.

Basi nimetii herufi zako kubwa. Tena nimeona una akili, kama huko nzi hakuna. Fanuel wa lori la nyanya anapita leo kuelekea Tanga. Tumetandika majani, tumefunga mbao pembeni, atamshusha Shangazi hapo hapo kwa bibi Agnela. Barua hii anayo mfukoni. Mpokeeni vizuri, hajawahi kusafiri.

Mjukuu wako,
Skola


Moshi, Jumamosi, 10 Aprili 1993

Skolastika we!

Marahaba. Leo sikuulizi kama hujambi... hujambo, maana ni dhahiri kichwani hauko sawa! Ona, hata kalamu imechanganyikiwa.

Moshi, mjukuu wangu! MOSHI! Ule unaotoka motoni! Unawasha mavi makavu ya ng'ombe na majani mabichi juu yake, upande upepo unakotokea, farasi anasimama humo jioni na nzi wanatafuta kwingine. Sikusema Moshi yenye stesheni! Kosa si langu, ni la waliouita mji kwa jina la kitu cha jikoni.

Sikiliza ulichofanya. Jana ilikuwa Ijumaa Kuu, Agnela anasubiri wageni wa Pasaka. Fanuel alilala njiani na pancha, akafika asubuhi, akagonga geti. "Mama, nimekuletea Shangazi."

"Shangazi yangu tulimzika mwaka wa uhuru," Agnela akajibu.

"Huyu ni mzima, mama, ila amechoka na safari."

Agnela akaona labda ni shangazi wa upande wa mume. Akatandika kitanda cha wageni, shuka mpya, akatoka na chai ya maziwa kwenye sinia. Alipouona ule uso mrefu juu ya ubao wa lori, akaganda pale pale na sinia yake. Shangazi akashusha shingo, akainywa chai yote. Nilicheka mpaka nikashika bandeji isidondoke.

Fanuel ameendelea Tanga, anarudi Jumamosi ijayo. Kwa hiyo tuko naye. Na yale ya nzi wenye adabu nilikuwa napamba barua tu. Nyuma ya nyumba ni mashamba ya mpunga, na mbu wa huku wanakuuma juu ya blanketi. Nimeagiza watoto wa jirani waniletee mavi ya ng'ombe, nakaa kwenye kiti naamuru kama mkuu wa wilaya. Shuka za Pasaka zote zimenuka moshi. Agnela ameniambia nichague, dada au farasi. Nimemwambia farasi angalau hasemi.

Tarlochan akiuliza, mwambie Shangazi amekwenda kusali Pasaka.

Babu yako,
Ephraimu


Usa River, Jumatano, 14 Aprili 1993

Babu,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Nilicheka barua yako mpaka nikakaa chini. Sasa sicheki.

Jana Mzee Tarlochan alikuja na Jasdeep. Akakuta banda tupu.

"Farasi wangu yuko wapi?"

Nilishindwa kusema uongo. "Moshi."

"Anafanya nini Moshi?"

"Amewakimbia nzi, mzee."

Jasdeep akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Baba yake hakucheka. Gari jeupe ameshaliagiza. Kuna bwana wa mashamba ya maua anamtaka Shangazi avute mkokoteni wa mbolea. Amesema, "Akirudi, Jumapili nitakuja kumtazama. Akirusha mguu hata mmoja, Jumatatu anaondoka."

Babu, sitaki auzwe. Kabla nzi hawajamzidi, nikisinzia nimekalia ndoo alikuwa anakuja kuniwekea pua begani. Mkokoteni wa mbolea na nzi wote wale! Njoo naye, tafadhali. Mimi sitaweza.

Skola


Moshi, Jumamosi, 17 Aprili 1993

Mke wangu mdogo,

Shika kamba vizuri, maana sasa ni yako. Mimi siji. Daktari amesema nikirushwa-rushwa kwenye lori jicho litadondoka njiani, na sina hamu ya kulitafuta kwenye nyanya.

Shangazi anakuja na Fanuel. Mtazame: vidonda vimekauka, manyoya yamelala, ameshiba majani ya migomba ya Agnela. Kila jioni amesimama kwenye moshi amefumba macho kama mama mchungaji. Pareto nyingine nimefunga kwenye gazeti.

Kesho Tarlochan akija, usijieleze. Washa moshi kabla hajafika, ingia humo na farasi wako, nyamaza. Mwache mzee akohoe. Ukiogopa, farasi anajua. Mimi nikiogopa huwa naimba wimbo wa kanisani kwa maneno yangu. Maneno yenyewe usiniulize, wewe ni binti wa watu.

Utaweza. Sikuulizi, nakuambia.

Babu


Usa River, Jumapili, 25 Aprili 1993

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa bibi Agnela na shuka zake. Sisi wazima wote wawili, mimi na Shangazi.

Ile Jumapili Mzee Tarlochan alikohoa kweli. Akaingia kwenye moshi na kilemba chake, akapapasa tumbo la Shangazi, akainua mguu mmoja baada ya mwingine. Shangazi alitikisa mkia tu. Akasema, "Haya, atabeba mtoto. Lakini gari litafuata nyuma."

Shida ikawa moja, babu. Moshi sitaweza kuubeba mpaka mjini. Na harusi ina ngoma, ina peremende za sukari guru na samli, nzi wa Arusha nzima wamealikwa. Kwa hiyo Ijumaa nilifumua gunia la katani, nikasuka nyuzi ndefu, nikazitia manjano ya jikoni, nikazishona kwenye ukanda wa paji la uso. Akitikisa kichwa, nyuzi zinapiga nzi machoni. Najua ungesema ni mapambo ya kike. Shangazi naye ni wa kike.

Jana dada zake Jasdeep wakamlisha Shangazi dengu, kama desturi yao. Jasdeep akatoka na nyuzi za maua zimemfunika uso wote mpaka kidevuni. Watu kuwaona wawili hao wamefunikwa nyuzi, kicheko kikalipuka! Mjomba wa Kinjal, bibi harusi, akapaza sauti, "Tuambieni mapema, binti yetu anaolewa na yupi?" Ngoma zikapigwa masikioni kwetu. Nikaimba wimbo wa kanisani kwa maneno yangu. Shangazi akatembea kama aliyefuata mahari. Hakurusha teke hata moja, babu. Hata moja! Gari lilifuata nyuma limebeba viatu vya wageni.

Hauzwi. Mzee ameniambia mbele ya Jasdeep.

Ila amesema na neno jingine, nami sijui niliandikeje. Amesema, "Kuanzia sasa kamba ashike huyu binti. Ephraimu amechoka, apumzike nyumbani kwake Maji ya Chai." Nikamwambia kazi hii ni ya babu yangu. Akasema nimjibu baada ya siku chache. Mimi jibu sina mpaka nisikie lako. Ukisema hapana, narudi Sokon One kwenye cherehani, na sitakununia.

Mjukuu wako,
Skola


Moshi, Jumatano, 28 Aprili 1993

Skolastika,

Marahaba, mama. Jicho limefunguliwa. Kitu cha kwanza kukiona ni uso wa Agnela, nikaomba walifunge tena.

Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa macho mawili. Nikatoka nayo juani, nikaisoma tena, isije ikawa nimekosea herufi kama watu fulani. Nilikasirika muda wa kikombe kimoja cha chai. Agnela akataka kunisemesha, akaona afadhali akafagie.

Kisha nikafikiria zile nyuzi. Miaka yote hii nimechemsha, nimetwanga, nimepaka, nimechoma. Farasi ananitikisia kichwa kila siku ananionyesha jicho, nami nampaka miguu.

Mwambie Tarlochan ndiyo. Mwambie kwa sauti, usimung'unye. Na mshahara usikubali wa kwanza atakaoutaja.

Jumamosi napanda basi. Nitapita kwangu bila kushuka, nishukie Usa River, nije bandani nipige hodi kama mgeni. Usifungue upesi. Kaa kimya na kamba yako mkononi. Nataka kwanza nisikie kama Shangazi ataniitikia.

Babu yako