Kisu chenye uzi wa sweta yangu

Mpendwa Shosho, nyanya yangu,

Kisu chako nilikichukua mimi. Sijamwambia mtu mwingine, hata Mama, na ninakuambia wewe kwanza kwa sababu kilikuwa chako.

Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya mazishi yako. Wanawake wa kikundi chako walijaa uani pale kwako Ngoingwa, kila mmoja na kisu chake kutoka nyumbani, kama mlivyomfanyia kila mtu mwenye shughuli: gunia la waru, vile viazi vyetu, linamwagwa, viti vinazungushwa, watu wanamenya na kuongea mpaka makarai yajae. Niliingia jikoni nikakiona kwenye msumari wake, karibu na chujio la chai. Nilikifunga kwa kitambaa nikakitia kwenye begi langu, chini ya nguo. Nilikuwa nimewasikia shangazi wakisema vitu vyako vitagawanywa. Sikutaka leso, wala vikombe, wala redio. Nilitaka kisu.

Wewe unajua kwa nini. Kila mwanamke wa kikundi huweka alama kwenye kisu chake kisipotelee kwa watu. Mmoja amepaka rangi ya kucha, mwingine amechoma herufi kwa msumari wa moto. Wewe ulifumua sweta yangu ya darasa la kwanza iliponibana, ukafunga uzi wake mwekundu kwenye mpini. Nililia sana kwamba umeiharibu. Ukaniambia, "Sasa nikienda kwa watu nitakuwa nimekushika mkono."

Nilikaa nawe mpaka darasa la nne, Mama akifanya kazi Ruiru na kuja kutuona mwisho wa mwezi. Nilikuwa na jina lako, kama ilivyo desturi yetu, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Watu walimtazama Wambui mdogo wakingoja acheke kama Wambui mkubwa, asalimie kila mtu kwa jina, aanzishe wimbo. Mimi nikisikia hodi nilikimbilia nyuma ya kabati la vyombo. Siku moja mgeni aliuliza, "Kwani huyu jina lilimkosa?" Wewe ulikuwa unamimina chai, hukugeuka hata. "Mwache. Huyu huangalia kwanza."

Nilikuangalia wewe zaidi. Nilikuona ukimnyoa Guka, babu yangu, ndevu kila Jumamosi, miaka yote saba aliyolala baada ya upande wake wa kushoto kukataa, ukimvuta shavu kidogo kwa kidole na kumwambia habari za mtaa mzima. Alikuwa hawezi kujibu, lakini ulikuwa unasimama mahali pa kujibiwa, halafu unaendelea. Ukimaliza kumbadilisha shuka ulifunga kitambaa kichwani, ukaweka kisu kwenye kiondo, ukaenda kwa mwenye msiba au mwenye mtoto mchanga. Nilikuuliza kama huchoki na watu. Ulisema, "Siku Guka alianguka bafuni, nani alimwinua? Mimi na huu mwili wangu? Waliingia watu sita, mmoja akiwa na sabuni kichwani." Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Ulinifundisha kumenya hapo kwenye ngazi ya jikoni. Ganda lilipaswa kuwa jembamba hivi kwamba ukiliinua unaona mwanga. Yangu yalikuwa manene. "Hii ni ya ng'ombe," ulikuwa unasema, ukinionyesha ganda. "Na mwenye shughuli hakualika ng'ombe." Nikajifunza. Lakini nilimenya nyumbani tu, nawe tu. Kila uliponiambia twende, nilikuwa na kazi ya shule.

Halafu nikamaliza kidato cha nne, na kazi ya shule ikaisha. Nilikuja kukaa nawe wiki mbili. "Jumamosi twende wote," ulisema. "Nitakukalisha karibu na mimi." Jumamosi ikafika nikasema tumbo linaniuma. Ulinitazama, ukanipikia uji, ukaenda. Jioni ulirudi na chapati mbili zimefungwa kwenye karatasi. "Fungu lako," ulisema, kana kwamba na mimi nilikuwa nimemenya. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya kuniita. Nimezila zile chapati mara nyingi tangu siku hiyo, Shosho, kwa mawazo tu, na kila mara zinanikwama.

Sasa nirudi kwa kisu. Mchana ule walikitafuta, kwa sababu mwenyekiti wenu alitaka kimenye waru za mazishi yako. Hakikuonekana. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama Shiru, hebu fungua kiondo!" Wote wakaangua kicheko. Unamjua Mama Shiru, yule ambaye kila shughuli ikiisha anapatikana na kijiko cha mtu. Alifungua kiondo akakitikisa kichwa chini. "Haiya! Angalieni basi. Ni miwani tu na Biblia." Walicheka tena, mimi nikiwa mlangoni nimelishika begi langu.

Nilidhani yataisha hapo. Lakini baada ya wiki tatu walikuja nyumbani kwako kunywa chai na Mama na shangazi, na mimi ndiye niliyekuwa napeleka vikombe. Utani ukarudi. Safari hii mwenyekiti hakucheka. "Vijiko ni sawa," alisema. "Lakini kitu cha marehemu, hapana. Aliye nacho akirudishe." Hakutaja jina. Mama Shiru aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akasema anaenda kutoa nguo kwenye kamba. Hakukuwa na jua siku hiyo, Shosho. Nguo gani?

Nilirudi nyumbani kwetu Gatongora, kule Ruiru, na kisu bado kiko kwenye begi. Sikuweza kukitumia, na sikuweza kukitazama. Nilifikiria kukiacha jikoni kwako kimyakimya, lakini wangesema Mama Shiru ndiye aliyekirudisha. Nikaona lazima kionekane mkononi mwangu, mbele yao wote. Mimi, ambaye hata dukani nasubiri watu watoke ndiyo niingie.

Mwezi uliopita Mama alisema Njeri wa jirani yako anafanyiwa ruracio, wakwe wanaleta mahari. Ni yule Njeri ambaye alipozaliwa ulimwoshea mama yake nepi mwezi mzima. Kikundi kingemenya Ijumaa mchana. Nilimwambia Mama naenda kumsalimia rafiki Thika. Kwa hivyo kuna na huo uongo pia.

Kwenye geti la kina Njeri nilisimama muda mrefu. Niliwasikia ndani, wakibishana kama mukimo wa waru za kuponda uwekwe mahindi mengi au kidogo. Nikashika uzi mwekundu kupitia kitambaa. Nikaingia.

Waligeuka wote. Nikatoa kisu. Nilikuwa nimepanga sentensi nzima tangu Ruiru, na halikuja hata neno moja. Nilisimama tu nimekishika, macho yakianza kujaa.

"Ngai," mwenyekiti akasema. "Hicho si ni cha..."

"Si ni kile kilianguka nyuma ya kabati?" Mama Shiru alidakia. Hakuacha kumenya. "Mahali huyu alikuwa anajificha akiwa kadogo. Nani mwingine angekipata? Si ndio, Wambui?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Wuui, na vile tumemsumbua Mama Shiru!" mmoja akasema, na wakaanza kumpiga mabega kwa kicheko na kumwomba msamaha. Mwenyekiti alikigeuza kisu, akaushika uzi, akanirudishia. "Kikae na mwenye jina."

Mama Shiru alisogea kwenye benchi. "Shosho yako alituambia wewe huangalia kwanza. Umemaliza kuangalia? Kaa. Hizi waru hazijimenyi."

Nilikaa. Baadaye, wengine wakibeba makarai, aliniinamia. "Nilikuona siku ile. Nilikuwa nimekuja jikoni kuchukua chumvi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mtoto amechukua kisu cha shosho yake? Mimi wameniita mwizi wa vijiko tangu hawa watoto wao wazaliwe." Akamenya kidogo. "Lakini ile siku ya chai iliniuma. Hiyo sitakudanganya."

"Nisamehe," nikasema. Ndilo neno langu la kwanza pale.

Aliinua ganda langu moja juu, akalitazama kwenye mwanga. "Huyu ni wa Wambui," akawaambia wengine kwa sauti. "Ng'ombe watalala njaa leo."

Asante, Shosho. Asante kwa uji wa siku ile ya tumbo la uongo. Asante kwa kuniacha niangalie miaka yote hiyo bila kunivuta mkono, na kwa kuwaambia habari zangu hata nilipokataa kuja, ili siku nikija nikute nafasi kwenye benchi. Jioni walinifungia chapati mbili. Safari hii nilikuwa nimezifanyia kazi, na hazikunikwama.

Najua wewe huwezi kuipokea barua hii, itasomwa na wengine. Basi wewe unayesoma barua isiyo yako, ukipita Ngoingwa ukasikia wanawake wakisema kisu kilianguka nyuma ya kabati, itikia tu kwa kichwa, kama nilivyofanya mimi. Mama Shiru ameitwa mwizi kwa ajili yangu. Sitaki sasa aitwe mwongo.

Lala salama, Shosho. Jumamosi kuna mtoto mchanga kwa jirani. Nitakuwa nimekushika mkono.

Mjukuu wako mwenye jina lako